Waliomchomoa Msikizi

Kwa sheria, kila nyumba iliwekewa Msikizi, mashine ya kusikiliza na kusema, ukutani, na Mashavu, mtafiti wa kata, alitakiwa kuthibitisha kwamba watu wamempenda. Mkuu wake alimfuata hadi jikoni na mpango wa utafiti: Msikizi mwenyewe ndiye atakayewauliza.

"Na waliomchomoa?" Mashavu aliuliza huku akisonga ugali.

"Wakinyamaza, tunahesabu wameridhika, Bi Mashavu. Weka sahihi tu."

"Utafiti gani huo wenye jibu kabla ya swali? Siweki."

Mkuu akaondoka bila kuaga. Mashavu akapanda kwenye stuli amchomoe Msikizi wake, kisha akashuka bila kumgusa. Kimya chake nacho kingehesabiwa.

"Umeridhika nami?" Msikizi akauliza.

"Hapana."

Akauliza tena, kwa upole uleule.

"Hapana," alisema Mashavu, akaanza kupakua. "Uliza mpaka uchoke."