Mtoto Aliyebaki Nyumbani

Jacktone alizivisha pakiti mbili za unga kofia ya sufu, akazifunika shali ya mtoto, kisha akarudi nyuma kidogo kuzitazama. Zilikuwa zimelala vizuri. Mtu akichungulia na haraka zake angeapa ni mtoto.

"Kichwa ni kubwa sana," Seline alinong'ona, Joash wao akiwa kifuani, chini ya koti.

"Watu wa kwetu wako hivyo tu."

Upande wa pili wa pazia, Mama Rosebella, mamake Jacktone, alikuwa akikoroma. Alikuja kutoka Gem mara tu mjukuu alipozaliwa, na tangu afike hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kumwona mtoto. Mama hakuwa na mchezo na sihoho, lile jicho la watu linalomwacha mtoto akijikunja kwa tumbo usiku kucha. Watu wa kanisa walikunywa chai, wakaomba, wakaenda zao bila kuona hata ukucha. Njambi wa dukani, jirani mwema kabisa, alionyeshwa shali.

Tatizo ni kwamba Seline naye alikuwa amefungiwa humo humo. Yeye ni mtu wa watu, na sasa alikuwa amebaki na ukuta, pazia na mvua ya Eldoret. Siku alipothubutu kutaja matembezi, Mama hakupandisha hata sauti.

"Nyar Alego, siku mtu wa nje ataangalia huyu mtoto, nitabeba nyinyi wawili niwapeleke Gem. Mtakaa huko mpaka aote meno."

Alego ni kwao Seline, na Mama alimwita binti wa Alego pale tu alipokuwa hatanii. Jacktone alisikia, akaacha kula. Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha nguo hapa mjini, hangeweza kuwafuata. Kumkosa mke na mtoto mpaka meno yaote ni jambo ambalo hakutaka hata kuliwaza.

Kisha gari la matangazo likapita mtaani kwao, Yamumbi. Jumamosi ingekuwa Siku ya Watoto Wachanga katika ukumbi wa mjini: kupima uzito, mafunzo ya kuogesha mtoto, michezo ya akina mama na zawadi. Seline alisimama mlangoni akisikiliza na machozi yakamlengalenga. Hata Mama, aliyekuwa akichambua mboga, alitulia mpaka sauti ya gari ilipopotelea njia ya Kapseret. Ndipo akasema watu wa siku hizi hawana kazi.

Hiyo ndiyo sababu unga ulilazwa kitandani Jumamosi hiyo, na watu wazima wawili wakatoka nyumbani mwao kwa kunyata, viatu mkononi.

Ukumbi ulijaa vilio na harufu ya poda. Picha ya Rais ukutani iliwakodolea macho watoto wote bila kupepesa, na Seline akajiuliza Mama angesemaje kuhusu hilo. Walipanga foleni katika chumba cha nyuma, penye mizani. Hapo Seline akafunguka. Alimuuliza wa mbele habari za maziwa na wa nyuma habari za usingizi, akamfunua Joash kwa kila aliyetaka kumwona na wengine ambao hawakutaka. Jacktone alimtazama mkewe akicheka, akatambua jinsi alivyokuwa amekikosa kicheko hicho.

Michezo ilikuwa ikiendelea kule mbele. Wao hawakuona kitu, lakini kipaza sauti kilifika kila mahali. Akina mama walitakiwa kumfunga mtoto mgongoni, wacheze ngoma mpaka jukwaani na kurudi bila kumwamsha. Mtoto mmoja baada ya mwingine aliangua kilio, na watu wakavunjika mbavu. Kisha kukawa kimya, halafu ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele.

"Huyu nyanya ameaibisha wasichana," alisema mtangazaji. "Amekata kiuno kwenda na kurudi, na mtoto hajashtuka. Tumeomba atuonyeshe huyo bingwa wa kulala, amekataa. Anasema macho yetu ni mengi. Basi mpeeni chupa yake ya chai, ana haraka."

Foleni nzima ilicheka.

"Kumbe Mama ana mwenzake hapa town," Seline alisema. "Tofauti ni kwamba huyo anatoka nje."

Joash alipanda mizani, akapiga kelele, akateremka. Nesi aliyasifu mashavu yake. Hawakupata zawadi yoyote, na hawakujali, mpaka Jacktone alipolitazama jua. Hapo raha yote ikamtoka. Njia nzima kila mmoja aliifikiria safari ya Gem.

Walimkuta Mama ameketi kitandani, akiipigapiga shali kwa kiganja na kuimba kwa sauti ya chini. Seline alilibana koti lake na kuomba kimoyomoyo Joash asikohoe.

"Mnatoka soko?" Mama aliuliza.

"Ndio, Mama."

"Ingieni polepole. Mtoto amelala tangu mtoke. Sijaona mtoto mtulivu hivi."

Aliinuka kwa kujikongoja, akajisugua kiuno, akaenda jikoni kumalizia chakula. Jacktone alishusha pumzi. Walikuwa wamepona. Seline alikimbilia kitandani auondoe unga haraka na kumlaza Joash mahali pake, akaifunua shali.

Kofia ya sufu ilikuwa imevishwa chupa mpya ya chai, yenye maua mekundu.

"Seline," Mama aliita kutoka jikoni, akisonga ugali, "mizani ilisema kilo ngapi?"