Breki ya Nyuma

Breki ya mbele Abibu aliifunga haraka, waya mpya na mrija wake mpya, hata jasho halikumtoka. Ya nyuma ndiyo iliyomshinda. Kila alipoinyoshea koleo, mkono ulirudi wenyewe.

Mama Tshiela, mwenye nyumba, alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe. Alimwuliza kama kuna shida. Abibu akasema hakuna, na huo ulikuwa uongo.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mashindano, ya usukani uliopinda chini, iliyoachwa na mzungu mmoja wa mgodini aliporudi kwao. Mume wa Tshiela, Kazadi, ndiye aliyeirithi, enzi zile bado akiitwa Louis, kabla serikali haijatuambia sote turudie majina ya mababu. Mtaa mzima wa Dilala ulimjua kwa baiskeli hiyo. Alipita nayo akipiga mluzi, na wake za watu walijifanya hawamtazami.

Fundi wake alikuwa Abibu. Wazee wa Abibu walikuja kutoka Maniema na biashara ya kusafirisha mizigo, lakini yeye alipenda vyuma, na watu walisema breki aliyoifunga yeye ingesimamisha hata treni ya Kasaji. Watu na midomo yao! Wiki ileile aliyotengeneza breki ya nyuma ya Kazadi, Kazadi aliteremka mlima wa Mutoshi kwa kasi akamgonga Latifa, binti wa Abibu, aliyekuwa akivuka barabara na ndoo ya maji.

Kazadi alilia mbele ya umati. Alisema alikamata breki kwa nguvu zake zote, akasikia waya unakatika ndani ya mrija, mkono ukabaki unashika hewa. Breki ya mbele ilikuwa imekufa zamani, kila mtu alijua, kwa hiyo hakuna aliyemlaumu. Wote waligeuka wakamtazama Abibu.

Ndipo likatokea jambo ambalo mtaa unalisimulia mpaka leo: baba wa mtoto aliyegongwa ndiye aliyekwenda kumpigia magoti aliyemgonga. Kazadi alimwinua, akamwambia yamekwisha, amemsamehe. Watu walimsifu kwa moyo wake mkubwa. Baiskeli akaitundika ukutani nyuma ya nyumba, mvua ikainyeshea, na akamkataza kila mtu kuigusa. Abibu alielewa kwamba ni kwa kumwonea yeye huruma, asije akaiona njiani.

Latifa alipona, lakini mguu mmoja ulibaki mfupi. Kila asubuhi Abibu alimsikia akitoka kwenda shule, hatua nzito, hatua nyepesi, naye alijifunika shuka hadi hatua hizo ziishe. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa amehamia kwake kabisa. Tangu siku ile hakufunga tena breki ya mtu. Aliziba matairi, akapaka minyororo mafuta, basi. Binti yake akimletea chakula, alikipokea akiangalia sahani.

Sasa Kazadi alikuwa amehamishiwa Kasaji, na Tshiela hakutaka kuiacha baiskeli. Kule, alisema, bila kinga, yaani baiskeli, huwezi kufika sokoni. Alinunua nyaya na mirija bila kumwambia mumewe, akamwita fundi wakati mume yuko mgodini. Nyumba nyingine yoyote Abibu angeikataa, siyo hii. Na moyoni alikuwa na tamaa yake: kwamba akiitengeneza vizuri safari hii, labda jioni ataweza kumtazama Latifa usoni.

Akapiga moyo konde. Mkono wa breki ulikuwa umeganda kwa kutu, ukakataa kusogea. Akashuka kwenye gurudumu la nyuma, akafungua bolti inayobana waya. Ilikuwa imekaza kwelikweli, ilibidi aitie mafuta na kuisubiri. Kisha akarudi juu, akaulainisha na ule mkono mpaka ukafunguka.

Hapo Kazadi akaingia uani, kofia ya mgodi bado kichwani. Alipoiona baiskeli iko chini, alisimama pale pale.

"Tshiela, nani alikuambia ushushe hii kinga?"

Tshiela alieleza habari ya soko la Kasaji, lakini mumewe hakuwa akimsikiliza. Alimtazama fundi.

"Wacha, tata Abibu. Wacha vile iko. Mi nilishakusamehe zamani."

Sauti yake ilitetemeka. Abibu alipoisikia, machozi yalimlenga. Amemharibia mtu jina na baiskeli, na bado mtu huyo anamhurumia!

"Wacha nimalize, tata Kazadi. Mukono wangu njo uliharibisha, mukono wangu njo utatengeneza."

"Nasema wacha."

Kazadi alishika tandiko, akaivuta baiskeli kwake. Abibu aliinamisha kichwa kwa aibu, lakini hakuiachia. Alikamata kwa koleo kichwa cha waya, kile kinachokaa ndani ya mkono wa breki. Alijua atakachokiona, kipande kifupi kilichokatika, na alitaka akione mara moja kisha kimtoke maishani. Akavuta.

Kilitoka kiasi cha shibiri. Kikaendelea kutoka. Tshiela aliyaacha maharagwe yake akasimama. Abibu alivuta hadi mkono wake ukapita bega, na waya bado ulikuwa unakuja, wenye kutu, wenye mafuta yake mwenyewe ya siku ile, mpaka ukaisha. Kwenye ncha ilikuwepo alama ya bolti aliyoikaza yeye, na toka kichwa hadi alama hiyo hapakuwa na uzi hata mmoja uliokatika.