Kesi ya Muuza Mkate

Tangu Mwanaidi aanguke kifafa jikoni mwezi uliopita, mumewe Khatibu hakuwa na shaka kuhusu mkosaji. Kidonge chake cha kuzuia kifafa kilipaswa kumezwa saa mbili kamili asubuhi, na kwa miaka saba Mwanaidi alikuwa akikimeza kila aliposikia kengele ya Shekue, muuza mkate. Bila shaka kengele ilikuwa imechelewa. Khatibu, fundi redio, akaunda saa ya kielektroniki ili alithibitishe hilo.

Kuirekebisha kwa mlio wa saa wa redioni alikukataa, kwa kuwa mtangazaji naye ni binadamu. Alichagua setilaiti. Setilaiti zilisema saa tano, kwa saa za Greenwich zinazoanzia usiku wa manane. Akaondoa tatu, maana mjini humo saa huhesabiwa tangu macheo, ambayo Greenwich ni saa tatu.

"Kesi ya muuza mkate umeifikisha mbinguni, Baba Rukia," alisema Mwanaidi, kidonge kikiwa katika kiganja cha kushoto na glasi ya maji mkono wa kulia.

"Huko hakuna upendeleo. Ngoja kwanza."

Tarakimu nyekundu zilipotimiza saa mbili, kengele ikalia mlangoni, bila kuwahi wala kuchelewa hata sekunde moja. Ilikuwa asubuhi ya nne mfululizo.

"Haya, umeridhika?" Mwanaidi aliuliza, akapeleka glasi mdomoni na kuyamaliza maji yote.

Kwa mara ya kwanza Khatibu alikuwa ameacha kuitazama saa, akautazama mkono wa kushoto wa mkewe, uliokuwa bado umekifumbata kidonge.