Posa ya Mfukuza Ndege

Kibwana alikwenda kumposa Riziki akiwa amevaa koti la kuazima. Mzee Ngwali, baba wa binti, alimpokea kama waziri, maana alikuwa amesikia kwamba kijana anafanya kazi ya ndege.

"Karibu, rubani wetu. Umetua salama?"

"Mimi si rubani, mzee. Nawafukuza ndege uwanjani wasiingie kwenye injini. Hawa wenye manyoya."

Mzee akaivuta sahani ya biriani upande wake.

"Rubani anakuzidi mshahara mara ngapi?"

"Mara ishirini," Kibwana akakiri, jasho likimtoka. "Lakini yeye hulala hotelini wiki nzima. Wahudumu wa ndani ya ndege nao hutabasamu mpaka mashavu yanawauma. Mimi jioni niko nyumbani, na kazini naruhusiwa kupiga kelele nitakavyo."

Mama Riziki akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

"Baba Riziki, miaka yote ile ukiendesha malori ya masafa marefu, hawa watoto walikuwa wakikuitaje?"

Mzee akainamisha macho. "Mjomba," akasema taratibu.

Hapo kunguru akatua uani, kando ya vifaranga. Wote wakageuka kumtazama Kibwana, naye akaanza kuvua koti.