Kiapo na Njiti

"Haya, mkubwa, leo zamu yako kuwachoma!" Mwenyekiti wa chama cha udugu pale chuoni akamtupia Brantley kiberiti.

Wanachama wapya watano walipangwa ukutani. Kila mmoja angeshika njiti inayowaka na kukariri kiapo chote kabla moto haujafika vidoleni.

Brantley alilitazama kovu la mwaka jana, alipoapishwa yeye, kwenye kidole gumba chake. Damu ikamchemka. Akawasha njiti, akaishika mwenyewe.

"Sema wewe kiapo," akamfokea mwenyekiti. "Siiachii mpaka umalize."

"Acha utani, bwana!"

"Sema!"

"Nitamlinda ndugu yangu..." Mwenyekiti akakwama, akawageukia wenzake wamkumbushe. Nao wakabaki kutazamana.

Harufu ya ngozi inayoungua ikaanza kusikika. Brantley hakuiachia njiti.