Kiti cha Katikati

"Nitumie kwanza picha ya tiketi," mtu yule aliandika. "Mimi si mtoto wa jana, dada yangu. Siku hizi mtandaoni kumejaa matapeli."

Fundi wa cherehani aliusoma ujumbe mara mbili, akacheka hadi pini zikamponyoka mdomoni. Mwizi anaogopa kuibiwa! Dunia haiishi vituko.

Alimfahamu kwa jina lake la mtandaoni, Mkombozi. Msimu uliopita Mkombozi alimuuzia fundi tiketi ya fainali, yenye nembo na kila kitu, akamtakia mechi njema. Fundi aliinunua iwe zawadi kwa baba yake. Mzee alikuwa mshika kibendera kwa miaka thelathini. Amekimbia pembeni mwa uwanja ujana wake wote, wala hajawahi kutazama fainali akiwa amekaa kitako.

Getini mashine ikalia, taa ikawa nyekundu. Tiketi imeshatumika.

"Mzee mzima na wizi huu?" mlinzi alifoka, akamshika ukosi wa shati na kumsukuma kando, walikokusanywa wengine wenye tiketi hiyo hiyo, wakipeana namba za simu. Mkombozi alikuwa ameigawa tiketi moja kama karata.

Tangu siku ile mzee hakutoka nje. Watangazaji wa mpira akawazima redioni. Mtu aliyekuwa akinyoosha mkono tu, wachezaji ishirini na wawili wanasimama, sasa akisikia hodi anaingia chumbani. Fundi akaapa: baba atarudi uwanjani kichwa juu, na aliyemwaibisha atailipa aibu hiyo, hata kama itamgharimu cherehani.

Ilimgharimu cherehani kweli, ile kubwa. Dakika ile tiketi za fainali ya mwaka huu zilipofunguliwa, alikuwa ameinamia simu, akanunua safu tatu za viti vinane vinane. Mdogo wake alipoona, mikono ikaenda kichwani.

"Dada! Tiketi ishirini na nne? Ndiyo umekuwa mlanguzi?"

"Nimekuwa mfanyabiashara."

"Na mbona unauza kwa bei ile ile uliyonunulia? Faida iko wapi?"

"Faida inakuja kwa miguu yake."

"Mimi najua unamwinda yule mtu. Lakini ukimuuzia feki, tofauti yenu itabaki gauni tu."

Fundi akarudi kwenye simu yake. Alikuwa na wateja. Wa kumi na saba ameshalipa. Wa kumi na nane, dereva wa lori, aliuliza kama kiti chake kiko karibu.

"Karibu kabisa," fundi aliandika.

Mkombozi naye hakuwa na pa kukimbilia. Timu yake imeingia fainali, tiketi zimeisha ndani ya saa moja, na yeye katika maisha yake hakuwahi kujifunza kununua tiketi ya kweli. Alipoona tangazo la fundi, alilirukia kama paka aliyenusa dagaa. Ila paka huyu alikuwa na maswali.

"Cha pembeni hakuna? Mimi napenda kuondoka mapema."

"Vya pembeni vimekwisha, kaka. Kimebaki cha katikati. Hapo magoli yote mawili unayaona."

"Picha haitoshi. Nihamishie kwa jina langu."

Fundi akamhamishia. Kwa mara ya kwanza Mkombozi akaandika jina alilopewa na mama yake. Akaingia kwenye tovuti ya waandaaji, ikamwambia tiketi ni halali. Akawapigia simu, wakamwambia ni halali. Akapiga tena, akabadilisha sauti, wakamwambia vile vile. Bado moyo haukutulia. Anayejua mtego unavyotegwa huogopa hata kamba ya viatu.

"Nusu sasa," aliandika. "Nusu nikipita geti, na wewe uwe umesimama hapo nikuone."

"Bila wasiwasi, kaka."

Siku ya mechi alifika na jezi mpya na miwani myeusi, manukato yanamtangulia hatua tatu. Alimtazama fundi juu hadi chini.

"Hii taa ikiwa nyekundu, dada, tutatambuana."

"Na ikiwa kijani?"

"Nitakuita malaika."

Mdogo wake fundi, aliyewafuata ili kuzuia balaa, alifumba macho. Mkombozi akaweka simu juu ya mashine. Mashine ikafikiri. Mlinzi akasogea hatua moja.

Kijani.

Mdogo mtu akafumbua macho, mdomo wazi. Mkombozi alicheka kwa sauti, akatuma nusu iliyobaki papo hapo. "Malaika!" alipaza sauti, akapita geti akicheza mabega. "Kumbe waaminifu bado mpo! Mngekuwa wengi, mimi ningekufa njaa."

"Ni tiketi halali kweli?" mdogo wake alinong'ona. "Sasa umemfanya nini?"

"Nimempa kiti," fundi alisema, naye akaingia.

Jukwaa lilikuwa limefurika. Mkombozi alijipenyeza kwenye safu ya kati: samahani mama, samahani kaka, nipishe bosi. Watu walimpisha kwa adabu zote. Magoti yaliinuka apite, kisha yakashuka nyuma yake, moja baada ya jingine. Akaketi, akavua miwani, akapumua kama mtu aliyefika kwao.

Baba yake fundi, aliyekaa kushoto kwake, akamwekea mkono begani.

"Karibu, mwanangu," mzee alisema. "Hapa wote ni wateja wako."

Filimbi ya kuanza ikalia, uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Katika safu zile tatu, ukimtoa Mkombozi, walikuwamo watu ishirini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiutazama mpira.