Babu Ngala Amevalishwa Kofia

Mzee Ngala, aliyefariki kabla reli haijajengwa, alikuwa amesimama kwenye mapokezi ya hoteli huko Watamu, amevalishwa kofia ya ukindu ya mtalii.

Kambi alimtambua papo hapo. Shangazi Pola wa Junju alikuwa amempa alama: mti wa muhuhu, uso wa mviringo, bega la kushoto limelambwa na moto wa shamba.

"Shikamoo babu," alisema Bridgit, msichana wa mapokezi. "Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Nimeshampata. Huyo mliyemvika kofia ni baba wa babu yangu."

Bridgit alicheka, kisha akaona mzee hacheki. Akamwita Kiponda, mtunza bustani, aliyekuwapo tangu hoteli inajengwa.

Kambi hakuja kutalii. Shamba lake nyuma ya Gede lilikuwa limepata mwenye karatasi, na wakubwa wa ardhi walimwambia: wewe karatasi huna, basi tuonyeshe alipozikwa mzee wenu wa kwanza. Alizunguka kwa wazee na mashangazi akiifuata nasaba ya Ngala, na wote walimrudisha palepale: kaburi ni lile lenye kigango. Na kigango, mti wa kuchongwa anaosimikiwa mzee aliyefariki, usiong'olewa abadani, kilikuwa kimeibwa.

Kiliibwa mwaka ule Kambi alipopasuliwa tumbo. Alirudi kutoka hospitali akakuta shimo. Shimo, wakubwa walisema, hata nguruwe huchimba.

Siku ile ile aliporudi alimwapiza mwizi kwa maji na majivu, kama walivyofanya wazee: "Aliyekigusa, jiko lake lizime." Mkewe, Kadii, ndiye aliyemshikia kata ya maji. Hakumwaga hata tone.

Sasa Kambi alikuwa mjane, akila muhogo wa majirani. Homa ilimchukua Kadii mlangoni mwa zahanati isiyo na dawa. Wameziuza, Kambi alimwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. Wameuza dawa, wameuza ardhi, sasa wanauza na wafu.

"Kilifikaje hapa?" alimuuliza Kiponda.

"Kilinunuliwa, mzee. Tajiri anayo risiti."

"Risiti ya maiti. Kumbe hata kuzimu kuna kaunta."

"Na hakitoki. Kimesimikwa kwa saruji."

Kambi alijishika kiuno. Akaomba lililobaki kuombwa. "Basi nitajie mwizi. Simfungi, sina nguvu hizo. Nataka asimame mbele ya wakubwa aseme aliking'oa kutoka kaburi gani. Huyo tu ndiye shahidi wangu. Bila yeye nalala barabarani."

Kiponda alitazama chini.

"Ni chifu, sivyo? Sema, usiogope. Nimemjua siku nyingi."

"Chifu angekuja na gari, mzee. Huyu alikuja kwa miguu, kakibeba kichwani, kakifunika leso."

"Leso?"

"Alikuwa mama mmoja. Alipokelewa mlango wa jikoni. Alipokwisha kupewa pesa zake, hakuondoka. Alikipigia magoti akakiomba radhi, akakiita baba mkwe. Nikamwambia, mama, mbona mnaujua mwiko nanyi mnauvunja? Akasema mumewe amelazwa Malindi, na kisu hakimgusi mpaka kilipiwe."

Bridgit alimsogezea Kambi kiti. Hakukiona.

"Jina lake alisema Kadii," Kiponda aliendelea. "Hakurudi tena. Na yule mumewe, sikuwahi kujua kama alipona."